Asubuhi Madawati Yalijaa

Chuoni, 4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu zangu zikufikie wewe, mama, shemeji Wino na kila anayekula chunguni mwenu. Huku sisi wazima. Goti langu la kushoto limeanza kutabiri mvua vizuri kuliko redio, na paka wa jikoni amezaa ndani ya kabati la nguo za altare. Masista wamegawanyika. Wapo wanaosema ni baraka, wapo wanaosema ni paka. Mama anasikiaje siku hizi? Mkumbushe kwamba ile dawa niliyotuma ni ya kutia sikioni, si ya kunywa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa saba chuo chetu kinatimiza miaka arobaini. Wewe unakijua: madarasa manne, kikanisa, bweni moja na kengele yenye ufa. Baba Askofu anafikiria kutuunganisha na chuo kikubwa cha ualimu cha mjini. Kuunganisha ndilo neno lake. Mbuzi akiunganishwa na chui, tunajua jioni atabaki nani. Aliniita akaniambia, "Sista Mkuu, niandikie historia ya chuo chako. Nataka kuona kama ipo sababu ya kukiacha kisimame chenyewe."

Kwa hiyo dada yako sasa ni mwanahistoria. Kitabu atakipiga chapa shemeji, tumeshakubaliana. Nakutumia sura ya tatu, inayohusu mwaka ule wizara ilipotaka kutufunga. Ulikuwa mwanafunzi hapa wakati huo, kwa hiyo isome unirekebishie tahajia.

Tahajia tu, Chiriku.

Nakuombea, maana kazi ya kukuombea haina likizo,
Dada yako


Nyumbani, 19 Februari

Shikamoo Dada, Mama Mkuu, Mwanahistoria,

Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, sijui ni cha posta au ni chako. Mama hajambo. Dawa ya sikio alikwisha kuinywa kabla ya onyo lako. Anasema sasa anasikia vizuri na tumbo limelainika. Wino naye mzima, mweusi mpaka masikioni kama kawaida, msimu wa kadi za harusi umempata.

Sura ya tatu nimeisoma kwa sauti sebuleni. Umeandika hivi: "Padre Mwanzilishi alijifungia chumbani, akafunga na kusali kutwa nzima. Asubuhi madawati yalijaa."

Mama akauliza, "Yalijaa nini? Maji?"

Dada, tahajia haina kosa. Kosa ni wewe.

Mbona hukuandika kwamba kiwanda cha nguo kilikuwa kimefunguliwa ng'ambo ya mto, na nusu ya wanafunzi wakakimbilia mshahara? Mbona hukuandika kwamba wizara ilisema mkaguzi akikuta madawati matupu anafunga mlango na kuondoka na ufunguo? Na huyo Mwanzilishi wako, Padre Ndevu, Mungu amrehemu, hakuanza kwa kusali. Alianza kwa kusimama mbele yetu sisi tuliobaki, akatazama dari, akasema, "Ah, laiti madawati yangejaa kesho. Lakini mimi leo nitakuwa nimejifungia, sitaona wala sitasikia lolote." Kisha ndiyo akaenda kusali. Yule mzee alikuwa mtakatifu lakini hakuwa mjinga.

Nani aliyetoka mbio mpaka kwa fundi cherehani, akamkuta dada yake mkubwa anatia vifungo? Ni mimi. Nani aliyebeba sare ambazo hazijamalizwa kushonwa, zimeshikizwa kwa pini mgongoni, hata hakuna aliyeweza kuegemea? Ni wewe. Mke wa mchinjaji tulimkalisha benchi la pili na harufu yake ya buchani. Mama tukamfanya mwalimu wa kazi za mikono. Mpaka leo anasema hajawahi kuachishwa kazi rasmi.

Mkaguzi akakuuliza saba mara nane, ukajibu hamsini na sita bila kupepesa, kwa sababu fundi hapimi kitambaa kwa kubahatisha. Chuo kikapona. Na wewe ulikuja kujaza benchi siku moja, ukalikalia mpaka ukawa mkuu wa chuo. Hiyo ndiyo historia. Hiyo ya kwako ni tangazo la mishumaa.

Nakusalimu huku nacheka,
Chiriku


Chuoni, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Tulikuwa na Kwaresima, halafu mitihani, halafu paa la darasa la pili likang'olewa na upepo. Paka watatu wamepata wenyewe, wa nne amebaki nami, analala juu ya sura ya kwanza. Nafurahi kusikia tumbo la mama limelainika.

Mvua huku zimeanza vizuri. Mahindi ya chuo yanapendeza.

Nakutumia sura ya nne. Humo nimemtaja msichana mmoja, bila jina, ambaye Padre alipoweka sharti kwamba kanisa litamfadhili mwanafunzi mmoja tu kwa kila nyumba, alimwachia nafasi yake dada yake aliyekuwa na kiu ya elimu, akarudi nyumbani bila kinyongo. Nimeandika kwamba "sadaka yake ni jiwe la msingi lisiloonekana la chuo hiki." Naona sura hiyo ina uzito. Baba Askofu ataipenda.

Kuhusu mambo mengine uliyoyataja, kila jambo na mahali pake.

Wako katika Bwana,
Dada


Nyumbani, 11 Aprili

Dada,

Shikamoo, na poleni kwa paa. Wote wazima. Sitaki kupoteza wino wa mume wangu kwa salamu ndefu.

Jiwe la msingi? Mimi?

Nimekaa miaka yote hii nikijiuliza kwa nini kila nikija kukutembelea unanipa kiti kizuri na kipande kikubwa. Kumbe unanilipa sadaka! Dada yangu, sikiliza nikwambie na uandike hivyo hivyo. Sikuacha nafasi yangu kwa ajili yako. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, ukatokea wewe ukiwa umeushika. Saikolojia ya mtoto ilinipa usingizi. Hesabu nilipata alama ambayo hata ukiigeuza miguu juu inabaki ile ile. Na wakati huo kulikuwa na kijana aliyekuja kuleta karatasi za mitihani kutoka kiwanda cha chapa, ana wino masikioni, akiongea na mimi anashika mlango kama vile utaanguka. Wewe ungekaa kusoma saikolojia?

Sharti la nyumba moja mwanafunzi mmoja liliponifikia, nilipiga kigelegele chooni.

Kwa hiyo naona umeandika sura mbili, moja ina mambo ya kweli uliyoyavika kanzu, nyingine ina utakatifu ambao haukuwepo. Mama anasema nikwambie hivi, neno kwa neno: "Sista mzima anadanganya kwa herufi za chapa!" Nami naongeza la kwangu. Usisahau kwamba herufi hizo zinapangwa sebuleni kwangu.

Mdogo wako asiye jiwe,
Chiriku


Chuoni, 27 Aprili

Mdogo wangu,

Amani kwenu. Natumaini mama anaendelea vizuri. Nitakwenda moja kwa moja, maana umenitisha na unajua umenitisha.

Usiguse kitabu changu. Nakuomba kama dada na nakuamuru kama Sista Mkuu, chagua linalokuuma zaidi. Wiki hii nimemsimamisha msichana wa mwaka wa pili kwa kunakili mtihani wa jirani yake. Alilia hapa ofisini mpaka paka akatoka. Nikamwambia, "Binti, chuo hiki hakikujengwa kwa udanganyifu." Niliposema hivyo masikio yangu yaliwaka moto. Sasa niambie, nikiandika kwamba tulimdanganya mkaguzi wa serikali kwa pini na mke wa mchinjaji, nitamtazamaje? Na Baba Askofu akisoma, si amepata sababu aliyoitafuta?

Kuna baya zaidi. Kamati imemchagua mgeni rasmi bila kuniuliza. Ni mkaguzi yule yule, amestaafu, anaishi na bintiye karibu na stesheni. Amekubali kuja. Anasema anakikumbuka chuo chetu vizuri sana. "Vizuri sana," Chiriku! Tangu nisome maneno hayo sijala kitu kikashuka.

Nina pendekezo. Wewe usiingize habari za ukaguzi, mimi nitaondoa habari za sadaka. Tubaki na mahindi na paa.

Lakini kuhusu hiyo sadaka, siamini hadithi yako ya chooni. Nilikuwepo siku ulipofunga sanduku lako. Hukuwa unapiga kigelegele.

Dada yako anayekunywa maji tu


Nyumbani, 20 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, anasalimia. Wino hajambo, anasalimia na kuomba radhi. Ameniambia niandike kwamba yeye alikuwa amelala, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

Vitabu vimepakiwa leo kwenye lori la magodoro, vitakufikia wiki ijayo vikiwa vimelala vizuri kuliko sisi. Jalada limependeza, rangi ya bluu uliyoitaka. Pendekezo lako nimelikubali nusu. Ya sadaka nimeyatoa.

Ukurasa wa thelathini na mbili usiusome ukiwa umesimama.

Sanduku hilo la zamani lilikuwa na bawaba mbovu, lilinibana kidole. Ndicho ulichokiona.

Chiriku


Chuoni, 30 Julai

Mdogo wangu, mhalifu wangu,

Sijui nianze na salamu au na fimbo. Nianze na salamu, fimbo nitaleta mwenyewe. Mama amenisamehe? Mwambie kila mtu aliyekuja alimwulizia mwalimu wa kazi za mikono.

Nilisoma ukurasa huo nimekaa juu ya maboksi. Nikasoma tena. Umeweka yote: Padre na dari yake, pini, harufu ya bucha, mimi na vifungo vyangu. Nikaenda kuleta mkasi. Ule mkubwa wa ufundi bado ninao. Nilikata ukurasa kutoka kitabu cha kwanza, taratibu, kwa mkono ulionyooka kama wa zamani. Kisha nikakifungua kitabu nikaona sura ya tatu imebaki na pengo kama mtoto aliyeng'oka jino, na ile sentensi yangu imesimama peke yake: asubuhi madawati yalijaa. Nikacheka, Chiriku. Nilicheka peke yangu stoo mpaka Sista wa jikoni akaja na maji akidhani nimepaliwa. Baada ya kicheko nilishindwa kukata kitabu cha pili.

Nikamwita yule msichana niliyemsimamisha, nikampa kitabu asome mbele yangu. Alipomaliza akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akauliza, "Sista, kwa hiyo nimesamehewa?"

Nikamwambia, "La. Utarudia mtihani peke yako, meza ya mbele. Lakini utarudia." Ameurudia. Amepata vibaya, ila ni vibaya vya kwake.

Sasa sikukuu yenyewe. Vitabu viligawiwa getini. Wakati kwaya inaimba, nilimwona Baba Askofu anafunua kurasa. Akafika pale. Shingo yake ikawa ndefu. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasonga mbele mmoja, akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Nilielewa ghafla kwa nini Padre Ndevu alipenda dari.

Mkaguzi akaitwa kuzungumza. Amezeeka, ana fimbo na miwani mizito, lakini sauti ni ile ile. Akainua kitabu juu.

"Kitabu hiki," akasema, "kina kosa. Ukurasa wa thelathini na mbili."

Mimi nilishika kiti cha mbele yangu, na aliyekikalia ni Makamu wa Askofu.

"Imeandikwa hapa kwamba nilimwuliza binti saba mara nane. Si kweli. Mimi sijawahi kumwuliza mtu hesabu hadharani, nisije nikaulizwa na mimi." Watu wakacheka, wengine wakaogopa kucheka. "Niliuliza swali moja tu, benchi kwa benchi. Kwa nini uko hapa? Wote wakanijibu kwa sauti moja kama kasuku: tuko hapa kulitumikia Kanisa na taifa. Nikafika nyuma. Kulikuwa na binti amekaa wima kama mshumaa. Akaniambia, 'Mimi hupita nje ya dirisha hili kila wiki nikileta sare. Huwa nasimama kidogo kusikiliza. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeingia.' Nikajua huyu si mwanafunzi. Tena niliona pini."

Chiriku, nilikuwa nimesahau. Nakuapia nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema hivyo. Siku zote nakumbuka pini tu.

Akaendelea, "Na mwalimu wa kazi za mikono alinitolea macho hata nikaogopa kumwomba cheti. Nikatoka nje, nikakaa ndani ya gari. Nilitumwa kuangalia kama chuo hiki kinahitajika. Nikajiambia, kama watu wako tayari kuazima sare ili wakae humu asubuhi moja, basi nimepata jibu. Nikaandika kisifungwe. Nilijua ninachoandika." Akamgeukia Baba Askofu. "Kama kuna wa kulaumiwa kwa udanganyifu, anzeni na mimi. Pensheni yangu mmeshachelewa kuizuia."

Baba Askofu akasimama. Hakutabasamu. Akaniambia mbele ya umati wote, "Sista Mkuu, ni kweli wewe ulikuwa wa kuazimwa?"

Nikasema, "Ni kweli, Baba Askofu. Na mpaka leo hawajanirudisha."

Sijui nilitoa wapi kauli hiyo. Nadhani ni wewe, umenichafua damu kwa barua. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Hakutoa jibu siku hiyo. Lilikuja juzi kwa maandishi: tumepewa miaka mitatu, kisha atakuja kuhesabu mwenyewe, na ameahidi kupapasa migongo. Pia ametuagiza tufungue masomo ya watu wazima, wale wanaopita nje ya madirisha. Wiki tatu hapa chuoni wakati wa likizo, kisha kazi za nyumbani zinatumwa kwa posta.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu. Nimejaza jina lako. Zimebaki sahihi na picha. Hiyo si sadaka wala malipo ya sadaka. Nataka tu ukae.

Dada yako wa kuazimwa


Nyumbani, 3 Oktoba

Shikamoo Dada,

Huku wote wazima. Mama ameomba barua rasmi ya kuajiriwa kuanzia tarehe ile ya ukaguzi, na cheo akitaje mkaguzi mwenyewe. Nilicheka barua yako mpaka majirani wakaja, nikawasomea, wakacheka nao. Nilipofika kwenye dirisha nikawaambia ukurasa umechanika.

Fomu nilikataa kuijaza, hilo unalijua kwa sababu aliyekuja na begi mwezi wa nane alikuwa Wino. Alifuta jina langu akaweka lake. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia mlango tu. Mwanamume aliyepanga herufi za watu maisha yake yote, kumbe alikuwa anazisoma! Ameniambia amekaa benchi la mbele na wewe ulimkemea kwa kupiga miayo. Vizuri. Mkemee tena. Kadi za harusi zimenilalia mimi, na wiki iliyopita nimewaoza watu wawili ambao si wachumba, kwa kukosea mstari.

Sasa kuna jambo, nakuandikia mimi kabla hajakuandikia yeye.

Jumamosi alikaa mezani na kazi yenu ya hesabu. Lile swali la tangi, bomba moja linajaza, jingine linavuja, tangi litajaa lini. Aliandika, akafuta, akaandika, mpaka karatasi ikatoboka. Akasema wenye tangi wanunue bomba zima waache kusumbua watu. Mteja akabisha hodi, akatoka kwenda kumhudumia.

Nikalitazama lile swali. Nikapita, nikarudi. Nikachukua kalamu yake.

Aliporudi jibu lilikuwa pale, na njia yake yote, mstari chini ya mstari. Akalisoma kimya. Unajua Wino hasomi kimya. Akaniambia, "Mke wangu, si uliniambia wewe ulifeli hesabu?"

Nikamwambia, "Chakula kinaungua."

Dada, hatukuwa tumewasha moto.

Wino nilimpenda, hilo ni kweli, kila neno, na wino wa masikioni. Wala sijajuta hata siku moja. La hesabu tuliache hapo lilipo. Kazi yake nimeitia ndani ya bahasha hii. Msahihishie kwa haki, na kama umeyatambua maandishi, yatambue ukiwa peke yako.

Na kitabu kikipigwa chapa mara ya pili, ile sura ya nne ibaki kama nilivyoiacha. Usithubutu.

Chiriku